Utepe wa Kijani Nyuma ya Kabati

Jumamosi, 5 Machi 2016
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno moja. Hasa Félicité wa kaunta.

Salongo leo, Bunia yote inafagia. Mimi Prudent, karani wa depo ya Mama Pétronille, nimesafisha nyuma ya kabati. Nimekuta waya wa manjano, ule mwembamba unaopitisha mwanga wa kamera, umezagaa sakafuni. Aibu! Nimeukunja mara nane, nikaukaza kwa utepe wangu wa kijani wa kufungia mafaili. Unapendeza.

Saa sita kamera ya mlango mkubwa imezimika. Ajabu.

Mama ametoa amri: mpaka ipone, Prudent akae mlangoni, yeye ndiye kamera. Mlangoni! Siku hizi watu wanasema kumetulia. Wanasema kwa sauti ndogo.

Jumatatu, 7 Machi
Pikipiki imepasuka tairi barabarani. Nimedhani ni risasi, nimejikuta chini ya magunia ya maharagwe ya Mahagi. Félicité amewaambia wateja hajapata kuona kamera inayokimbia.

Habari mbaya zaidi. Fundi Athanase amesema kwa simu kwamba lazima kuna mtu aliyegusa waya. Mama ameapa kwamba mtu huyo atakaa mlangoni mwezi mzima.

Nifungue utepe? Hapana. Waya uliopangwa vizuri hauwezi kuwa na kosa. Kinachotakiwa ni panya wa kulaumiwa.

Jumanne, 8 Machi
Siku ya wanawake. Mama na Félicité wameenda kwenye gwaride, pagne zao mpya za kitenge zinang'aa. Niko peke yangu na koleo. Nimeung'ata waya mara sita kama panya. Nimetumia rula ili alama zipangike vizuri.

Kamera ya stoo imezimika. Nimeng'ata waya mwingine! Sasa ni mbili.

Jumatano, 9 Machi
Athanase amefika. Ametazama alama zangu, akauliza panya huyu alisoma shule gani, maana ameacha sentimeta mbili kila mara. Félicité akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha Athanase akachomeka katochi kadogo kanakotia taa nyekundu ndani ya waya, akaomba tufunge madirisha. Giza. Nyuma ya kabati fundo langu likawaka jekundu. Na utepe ukaonekana wazi, kijani kabisa.

Mama aliniita kwa upole. Upole ule! “Prudent, mutoto yangu, panya naye anafungaka utepe?”

Athanase alieleza kwamba ndani ya waya kuna kioo chembamba, na ukiukunja sana mwanga unamwagika nje. Uache mduara mpana, upana wa sahani. Alifungua utepe, na mlango ukarudi kwenye skrini palepale. Waya wa stoo alibadilisha.

Hukumu: mwezi mzima mlangoni, nilinde waya dhidi ya panya.

Alhamisi, 10 Machi
Niko kwenye kiti cha buluu. Juu ya kichwa changu waya wa kamera alioupanga upya Athanase unaning'inia, mduara mpana kama sahani ya fufu. Wateja wanaona! Depo ya watu wa heshima!

Nimejifunza. Utepe wa kijani unaonekana mbali mno. Leo nimetumia mweupe. Nimekunja mara kumi, nikavuta kwa nguvu. Safi.

Ndani Félicité anapiga kelele kwamba mlango umekuwa giza tena.

Ukinihitaji, mimi niko hapahapa mlangoni. Njoo kabla ya saa kumi na mbili, taa ya pikipiki ikiwaka. Gonga mara mbili, polepole, kohoa, utaje jina lako. Usiipungie kamera mkono. Haikuoni.