Dikshenari na Wingi wa Tooth

Kiingereza chote, tangu kilipozaliwa hadi siku kitakapozikwa, kinatoshea kwenye herufi moja tu: S!

Hivyo ndivyo alivyotangaza mchora mabango mmoja aliyejiita Dikshenari. Alisubiri watu wampe jina hilo, wakachelewa, akajipa mwenyewe.

"Jamani, Kiswahili ndicho kigumu!" aliwaambia waliokuwa wakingoja zamu kwa kinyozi, brashi ameichomeka sikioni kama kalamu ya jaji. "Mtu, watu. Kiti, viti. Jiwe, mawe. Ukuta, kuta. Utaota mvi hujamaliza! Mzungu alikuwa mvivu. Alipachika S, akaenda zake kulala."

"Na kondoo wengi?" akauliza kinyozi.

"Shipsi!"

"Wa kuchunga au za kukaanga?"

Watu walicheka. Dikshenari hakucheka, wasomi hawacheki ovyo.

Siku hiyohiyo daktari wa meno, mama mmoja mpole aliyekuwa akifungua kliniki mtaa wa pili, akamletea karatasi ya bango lake: MEN, WOMEN, CHILDREN, WE LOVE YOUR TEETH. Yaani wanaume, wanawake, watoto, tunayapenda meno yenu.

Dikshenari aliisoma mara tatu, moyo ukamuuma. Maskini daktari! Miaka yote ile chuoni, na S hata moja hakupewa!

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa pembeni akikunja pindo la suruali. Alimjua mumewe kama anavyoijua sindano yake.

"Baba watoto, andika ulivyoandikiwa."

"Mke wangu, yeye anajua meno, mimi najua herufi."

"Haya. Mimi simo."

Akazipachika S nne, nyekundu, nene, kila moja imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Asubuhi bango likatundikwa: MENS, WOMENS, CHILDRENS, WE LOVE YOUR TEETHS!

Daktari alitoka nje, akaangalia juu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. S zilikuwa palepale.

"Fundi, hizi zimetoka wapi?"

"Nimekuongezea, daktari. Zawadi!"

"Lakini jino moja ni tooth, mengi ni teeth. Wingi ulikuwepo tayari. Wewe umepandisha wingi juu ya wingi! Ni sawa na kuandika mawatoto wenye mameno."

Wagonjwa barazani waliangua kicheko. Mmoja, shavu limevimba kama andazi, alicheka huku analia, taya amelishika kwa mikono miwili.

Dikshenari akabana sauti. "Na... mguu je, daktari?"

"Foot. Mingi, feet."

Kutwa nzima alishinda juu ya ngazi akikwangua S, jua la utosi, watoto wa shule wakipita chini yake wanamfanyia "sssss!" kama tairi lenye pancha. Mtu mwingine angeshuka pale akanunua daftari. Dikshenari alishuka na kanuni mpya! Tooth, teeth. Foot, feet. Kumbe S ilikuwa danganya toto. Siri yenyewe ni OO kugeuka EE! Mashahidi wawili, kesi imekwisha.

Wiki iliyofuata mama mkwe wake alikuwa anafungua mgahawa. Huyu ndiye mtu pekee duniani ambaye Dikshenari alikohoa mbele yake kwa kuomba ruhusa. Miaka kumi ya ndoa, mama yule hakuwahi kumtolea neno baya. Alimwita "mwanangu" na kumwangalia kwa huruma. Na Dikshenari alitamani, kuliko kitu chochote, siku moja amwangalie kwa heshima.

"Mwanangu, shemeji yako kaniandikia hapa," akasema, akimpa karatasi. Ilikuwa na maneno mawili: GOOD FOOD. Chakula kizuri.

Dikshenari akachungulia jikoni. Sufuria sita! Hicho si chakula, ni vyakula. Akaenda kuchora.

"Safari hii huongezi S?" mkewe akamuuliza.

"S ni za washamba."

Mkewe akashukuru Mungu kimoyomoyo. Aliwahi mno.

Siku ya ufunguzi bango likang'aa: GEED FEED. Dikshenari, koti limepigwa pasi, alikaa meza ya mbele kama mgeni rasmi, akila sahani ya tatu. Harufu ya vitunguu ilijaa mtaa mzima, lakini hadi saa saba mchana hakuna aliyeingia. Watu walisoma, wakakuna kichwa, wakapita.

Mwishowe akaingia mtu mmoja mwenye mabuti ya mpira, anasukuma mkokoteni.

"Shikamoo, mama. Neno la kwanza limenishinda, lakini feed naijua, imeandikwa kwenye kila gunia ninalonunua. Nipakilie magunia mawili."

"Marahaba, mwanangu. Feed ndiyo nini?"

"Si ni chakula cha mifugo, mama! Nina ng'ombe wanane, tangu jana hawajala."

Mke wa Dikshenari akaweka jagi chini taratibu. Dikshenari mwenyewe alibaki kijiko hewani, mashavu yamejaa, hatafuni wala hamezi.

Mama mkwe akaliangalia bango. Akamwangalia mkwe. Akafuta mikono kwenye aproni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi neno baya likamtoka.

"Umechelewa, baba. Chakula cha ng'ombe kimekwisha. Sahani ya mwisho anaila yule pale."