Uyoga wa Jicho Langu la Kushoto

Manga, Agosti 1956

Kwa Bwana Daktari wa Misheni,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Machogu, yule uliyemkwangua jicho la kushoto Jumatatu. Sikurudi kama ulivyoagiza, na naeleza kwa adabu kwa nini sitarudi mpaka nitendewe haki.

1. Ulichokikwangua ulikipaka kwenye kioo, ukakichungulia kwa hadubini, ukasema umeona nyuzi za kuvu. Nilimuuliza dresa Owino, yule msaidizi wako anayefunga vidonda, kuvu ni nini, akanieleza kuwa ni kama mtoto wa ndugu yake uyoga. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Basi nina uyoga, na kipande chake kimebaki kwako. Naomba kirudishwe.

2. Ulisema uyoga huo uliingia nilipochomwa na bua la wimbi wakati wa mavuno. Nilikosea kuyasema hayo nyumbani. Jirani yangu Nyasani amedai bua hilo lilikuwa upande wake wa mpaka. Kwa hiyo mbegu ni yake, uyoga ni wake, na pale ulipoota ni shamba lake. Sasa anatangaza sokoni kwamba mpaka wetu unapita juu ya pua yangu.

3. Kila alfajiri anakuja kuangalia kama umekomaa, mkewe nyuma yake na kikapu. Inanibidi nimpe uji kama mgeni, ingawa yeye anasema yuko kwake.

4. Matone yako ya kila saa yanaua uyoga. Ukifa, nitawaonyesha nini wazee kwenye baraza watakapoamua kesi yetu? Chupa nimeifungia sandukuni. Badala yake shemeji yangu Persis ananitilia maji ya majani ili ustawi, na kweli umestawi. Jicho linauma mno na mwanga siuwezi, lakini shamba halilindwi kwa kulialia.

Kwa hiyo naomba uje Manga na hadubini yako, uwaonyeshe wazee mizizi imeanzia wapi. Nikishindwa, sina kinyongo. Nyasani alipe nusu ya kodi yangu ya kichwa, maana nusu ya kichwa itakuwa yake, na siku ya kunyolewa aje na wembe wake.

Nisalimie Owino, wauguzi wote, na mpishi aliyenipa ndizi.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye haki ya pande zote mbili za pua,

Machogu

Nyongeza: Mke wangu Orpah ameniambia niisome barua hii tena, akaliziba jicho la kulia kwa kiganja chake. Sikuona barua. Nikamuuliza uso wake ameupeleka wapi, kumbe alikuwa ameuleta karibu kabisa na wangu. Bwana Daktari, naogopa. Uyoga ni wa Nyasani, mbegu na mizizi, na mpaka wetu aupitishe anapotaka. Barua hii nimeileta mwenyewe. Niko hapa nje kwenye benchi na chupa yangu, Orpah amenishika mkono.