Firigisi na Meno Mapya ya Ntambwe

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamua. Jumapili napokelewa rasmi kwao Mado, mchumba wangu, na siingii sebuleni kwa baba yake na meno haya. Mawili ya mbele yamepandana kama watu wanaogombea kiti kimoja. La tatu limemeguka tangu nilipofungulia chupa kwenye arusi ya dada. Miaka thelathini nacheka huku nimefunga mdomo. Basi!

Halafu kuna Samy. Tunaimba naye kwaya, sauti moja, benchi moja. Meno yake yamenyooka bila kufanyiwa lolote. Jana alicheka mbele ya Mado kwa jambo lisilochekesha hata kidogo. Alitaka kuyaonyesha tu.

Jumatano, 18 Juni

Nimetoroka kazini, pale mizani ya malori ya Kingamyambo, kwa kisingizio cha tumbo. Daktari wa meno anaitwa Tshibangu. Mpole, lakini hodari wa kukatisha tamaa. Anasema ataninyooshea meno ya mbele tu, kwa waya mwembamba. Miezi sita! Baadaye lile lililomeguka atalivalisha faseti, yaani ganda jembamba jeupe linalogandishwa juu ya jino. Nikamwambia nina siku nne. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikauliza kwa nini faseti zisifunike yote, waya tuuache. Akasema kwa meno yaliyopandana hivi atalazimika kuyasaga sana, na jino likishasagwa halirudi. Ila anaweza kunibandikia za kujaribu, nione sura itakavyokuwa. Plastiki tu. Nisiume kitu kigumu, na Jumatatu nirudi azitoe.

Za kujaribu! Mimi nitajaribu mbele ya wakwe.

Ijumaa, 20 Juni

Zimekaa. Sita! Nyeupe kama unga wa muhogo. Nimejitazama kwenye kioo cha lori mpaka dereva akaniomba nimwachie aondoke. Midomo haifungi vizuri, lakini nani anataka kuifunga?

Chakula nacho nimekipanga. Nimempigia mama Honorine, mama yake Mado, nikamwambia kwa adabu kwamba napenda bukari, ugali wetu, ukiwa laini, na samaki wa ziwa Nzilo. Akasema samaki watakuwepo. Hakuongeza neno. Nikakata simu nimefurahi.

Mjomba yuko Sandoa, hawezi kufika, na kwa wakwe mtu haendi peke yake. Mwenye gari na tai ni Samy tu. Nimemwomba anisindikize. Akae ubavuni pangu, watu walinganishe. Nani asiyeona akili hapo?

Jumapili, 22 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Samaki walikuwepo. Na kuku pia. Tata Tshilombo, baba yake Mado, alisema maneno mazuri, kisha akaniwekea firigisi ya kuku sahanini kwa mkono wake. Kwetu Wakasai firigisi haipewi mtu hovyo. Anayeila ndiye mwenye nyumba. Wote wakanigeukia wanione nikitafuna. Nikaiuma kidogo tu. Ngumu kama soli. Nikasikia faseti moja ikilegea.

Nikafikiri haraka, na hapo ndipo ninapoharibu siku zote. Nikatangaza kwamba mimi ni mtu wa heshima, aliyenisindikiza atangulie. Nikaihamishia sahani ya Samy. Samy si Mkasai. Aliitafuna yote, akashukuru, akatabasamu.

Mama Honorine akaweka kijiko chini. Tata Tshilombo akanitazama, akasema polepole:

"Tata Ntambwe, ile firigisi njo nyumba. Sasa unapesha Samy nyumba?"

Nikafungua mdomo nieleze kwamba sikumpa Samy nyumba. Faseti ikaanguka kwenye mchuzi wa samaki. Mado akatoka nje.

Jumanne, 24 Juni

Jana daktari alizitoa zilizobaki. Hakuniuliza ya sita iko wapi. Siku mbili sijala vizuri. Naogopa kumpoteza Mado, naogopa kweli.

Leo amekuja mwenyewe mpaka mizani. Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha. Anasema kule nje alicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Anasema amembembeleza baba yake siku nzima. Jumapili watachinja kuku mwingine, na firigisi nitaila mbele ya wote, mpaka iishe. Nikishindwa, mambo yameisha, tata Tshilombo hasemi mara ya tatu. Nikamuuliza kama hataki mume mwenye meno mazuri.

"Mi najua meno yako tangu tuko ku masomo," akasema. "Njo ile minapenda. Samy nitamufanya nini?"

Nililia kidogo. Dereva akauliza kuna nini. Nikasema vumbi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekuwa mtu mwingine. Njia za mkato nimeziacha kabisa. Leo mchana nimekwenda kwa daktari Tshibangu kwa hiari yangu na kuwekewa waya. Ule wa halali, wa miezi sita! Aliniuliza mara mbili kama kweli nataka leo. Nikamjibu kwamba mwanaume aliyeamua haahirishi.

Ameonya kwamba meno yatauma siku tatu. Ninywe uji tu, na hata mkate niuloweke kwanza. Siku tatu! Ni huyu huyu aliyetaka miezi sita kwa meno machache. Anatia chumvi kila kitu. Yalianza kuuma saa nane, sasa ni saa kumi na moja, na nusu ya kichwa inagonga. Kwa mwendo huu yatakuwa yameacha kuuma kabla ya asubuhi.

Firigisi ni kesho saa saba. Sijamwambia Mado lolote. Nataka ashangae.