Vijiji Vitano, Sufuria Moja

Alhamisi, 29 Mei
Daktari Noraishah wa chuo ana nafasi moja ya msaidizi. Tuko wawili: mimi na Syazwan. Jaribio: turekodi wenyeji wa vijiji vitano vya bonde letu la Lenggong, tupime lahaja zao zimeachana kiasi gani. Syazwan kaondoka alfajiri na pikipiki, mvuani, kwenye ruba. Mjinga! Jumamosi Mak Cik Senah, mama mmoja wa kijiji cha jirani, anaoza binti. Vijiji vyote vitakuja kumsaidia kupika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumamosi, 31 Mei
Raha tupu! Nimekaa kando ya sufuria, simu inarekodi. Wanamenya vitunguu, nawaonyesha picha, wanataja: mbu, mwiko, kaa. Nimemaliza kabla bwana harusi hajafika. Syazwan alipita barabarani, amelowa chapachapa. Nikampungia paja la kuku.

Jumatatu, 2 Juni
Balaa! Kompyuta inasema vijiji vyote vinatamka sawasawa. Wa mlimani, wa mtoni, wote tumbo moja! Nikamkimbilia Mak Cik Senah. Akacheka hadi ushungi ukamtoka.

"We mtoto, umelelewa wapi? Mtu akija kunipikia, anasema kama kwangu. Ukila wali wangu huku unasema kama kwenu, si utaambiwa umekuja kuringa?"

Nami nilijua! Mama hufanya hivyo kila harusi. Kazi ndiyo imekwenda. Naogopa hata kula.

Jumanne, 3 Juni
Syazwan kanichongea kwa Daktari kwamba nilirekodi harusini, kabla sijafungua mdomo. Nikaanza kuaga moyoni. Kisha Daktari akauliza kama kweli hata wazee walifuata matamshi ya mwenyeji. Nikasema hata wazee. Macho yakamng'aa! Anazitaka sauti zangu, azilinganishe na za Syazwan, aone mtu hujikunja kiasi gani akiwa mgeni. Nafasi tutagawana, mradi nirekodi upya, watu wakisema kama kwao. Alhamdulillahi! Nusura nimbusu Syazwan, pamoja na kujikuna kwake kote kwa ruba.

Alhamisi, 5 Juni
Nimelala usingizi wa mtoto. Na nimeliona kosa: nilirekodi kwa Mak Cik Senah. Pale watu hawakuwa huru. Jumamosi ni Idi. Mama atapika rendang, nyama ya nazi na viungo, sufuria kubwa. Sina haja ya pikipiki wala ruba. Nimealika vijiji vyote vitano, waje kula kwetu.