Shimo Nyuma ya Jiko la Mama Maimouna

Jumatatu, 4 Septemba 1995. Dzaleka.

Daktari amenisikiliza kifua, akakunja uso. Moyo umechoka, akasema. Hakusema umebakiza kiasi gani, nami sikuuliza. Nilikuwa mwalimu, baadaye mkaguzi wa shule, najua uso wa mtu anayetoa alama mbaya. Kwa hiyo nakiri hapa, wakati mkono bado unashika kalamu.

Nilichoficha ni hiki. Kampuni yangu ya kuchimba mashimo mahali pembamba, Établissements Rachidi et Frères, inayosifiwa kambi nzima ya wakimbizi (na mimi), haikuundwa kwa ajili ya mashimo. Imeundwa kwa ajili ya Mama Maimouna, mjane wa rafiki yangu Mbaraka, anayeuza vitenge Area 49 kule Lilongwe. Nilimpenda tangu tukiwa vijana kwetu Kindu, kabla Mbaraka hajapeleka posa. Sikumwambia. Nilikuwa najiandaa. Mbaraka hakujiandaa, alienda tu. Baadaye nami nilioa, mke wangu akatangulia mbele ya haki, na sasa Mbaraka naye ametangulia. Bado najiandaa.

Nikiri pia kwamba sina hao Frères, yaani ndugu, maana nilizaliwa peke yangu. Na sijawahi kuchimba hata shimo la kupandia mgomba.

Ninachotaka kabla sijafa ni kidogo. Kuketi jikoni kwake mara moja, nimwambie. Basi.

Ofisi ya kambi imenipa ruhusa ya kulala Lilongwe kwa sababu ya matibabu. Ni kweli naumwa. Ni uongo wangu wa kwanza wenye ukweli ndani.

Jumatano, 6 Septemba. Lilongwe.

Nimepata kazi! Bwana mmoja Mmalawi, Kamphata, anajenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Anahitaji shimo la choo. Nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ua wa jirani ni nyembamba kama ujia kati ya madawati. Katapila lilikuja asubuhi, likang'oa nguzo ya lango, likaondoka. Mimi nilikuwa napita kwa bahati. Nilikuwa napita kwa bahati tangu alfajiri.

Nikamwambia kwamba mahali pembamba panataka akili, si chuma. Nikaongeza Kifaransa kidogo, kwa uzito. Akauliza maana yake. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akakubali, na akaniruhusu kulala katika chumba kimoja ambacho bado hakina dirisha.

Jirani wa ua huo ni Mama Maimouna. Jiko lake limegusana na matete ya ua. Jioni nilimsikia akikohoa. Kikohozi ni kile kile.

Doa moja katika siku njema. Kwenye pikapu iliyotuleta mjini alikuwamo Aboubakar, fundi cherehani wa kambini, naye ni mtu wa Kindu. Amebeba mapazia. Nikamuuliza ya nani. Akasema ya Mama Maimouna, kwa sauti ya mtu anayetaja anwani yake mwenyewe. Alipiga hodi akaingia. Akatoka baada ya muda mrefu, anapangusa mdomo.

Ijumaa, 8 Septemba.

Wachimbaji wangu ni Warundi wawili wa kambini, Nahayo na Hatungimana. Nilitafuta wazembe, nikapewa hawa. Walianza baada ya chai, na kabla ya adhana ya adhuhuri walikuwa wamezama hadi kiunoni. Nikaingiwa na hofu. Kwa mwendo huo kazi itaisha Jumapili, nami nitarudi Dzaleka bila hata kumwona.

Nikasimamisha kazi. Nikawaambia udongo upumzike.

Nahayo akajipangusa uso. "Muzee, udongo nao unachoka?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyesoma hawezi kuuliza hivyo. Wakalala kivulini kwa utiifu mkubwa. Bwana Kamphata alipokuja aliwakuta wanakoroma, nami nimeweka sikio kwenye ua. Akataka kujua nafanya nini. Nikasema napima mtetemeko wa ardhi. Akatazama ua, akanitazama, akaondoka polepole. Nadhani alivutiwa.

Upande wa pili mtu alikuwa anapepeta mchele. Shh, shh, shh. Kisha alicheka na mteja. Siandiki zaidi, kifua kinabana.

Jumamosi, 9 Septemba.

Vijana wamechimba tena, shimo limenipita kichwa, nami nimeshuka kukagua. Wameniteremsha kwa kamba, kama ndoo.

Sikutarajia nilichokikuta. Huku juu, kelele za mtaa zinameza kila kitu: redio, kuku, kengele za kabaza, baiskeli za abiria. Chini kumetulia. Na kutoka ukuta wa kaskazini, ndani ya udongo wenyewe, nikasikia mchi. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sauti haikuja masikioni tu, ilinipanda mgongoni. Dum. Kisha kimya kidogo, anapogeuza majani kwa mkono. Dum. Hivyo hivyo alivyokuwa anatwanga barazani kwa mama yake, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, nami nikijifanya nasoma. Kitabu sikumbuki kilikuwa kipi. Naikumbuka ile nafasi kati ya pigo na pigo.

Nikaegemeza shavu kwenye udongo. Ulikuwa wa baridi. Sijui nilikaa muda gani. Hatungimana akaita kutoka juu, akauliza kama nimekufa. Nikamwambia nakagua.

Waliponitoa, moyo ulikuwa unaruka kama chura kwenye gunia. Nikalazwa kivulini, nikapewa maji. Baada ya chakula nikaomba nishushwe tena.

Jumatatu, 11 Septemba.

Nina mpango mpya, na ni mzuri kuliko yote niliyowahi kubuni. Niliamka nao ukiwa tayari kichwani, mzima, kama kitu nilichokijua siku zote.

Tatizo la mahali pembamba ni kwamba huwezi kupanua juu. Basi, nimewaambia vijana, tusipanue juu. Tuligeuze shimo liwe mfereji mwembamba, urefu wa mtu mzima. Tushuke wima. Tukifika chini, tuchonge chumba ubavuni, kuelekea kaskazini, chini ya ua. Nafasi inapatikana mahali ambapo hakuna anayeiona. Nikawachorea mchoro ardhini kwa kijiti. Mkono haukusita hata mara moja.

Nahayo alisema ni akili kubwa. Bwana Kamphata naye alikuja, akazunguka mchoro, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nimeita mbinu hii "mtindo wa Maniema", kwa jina la mkoa wa kwetu.

Faida ya kitaalamu ni dhahiri. Faida yangu ni kwamba chumba kile kikikamilika, nitakuwa nimekaa chini ya kinu chake.

Jumanne, 12 Septemba.

Chumba cha ubavuni kinaendelea vizuri. Nimefundisha vijana wakichonge taratibu, kwa heshima, wasiache kona kali. Sijui kwa nini nilisisitiza heshima.

Aboubakar amekuja tena, eti kupima pazia la pili. Alipita kwanza kunicheka. Akachungulia nilipokuwa chini, akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

"Papa Rachidi, bantu ba umri yetu habaingiake mu shimo mbele ya wakati."

Vijana wakacheka mpaka koleo likamponyoka Hatungimana, nusura liniue. Nikamjibu Aboubakar kwamba pazia halihitaji akili, linahitaji upepo. Akasema ndiyo maana yeye anakaribishwa chakula. Kisha akaondoka anapiga mluzi.

Leo mchi haukusikika. Nilisubiri mpaka jioni. Baadaye nikaambiwa na mke wa Kamphata kwamba Mama alikuwa sokoni. Hata kimya cha jiko lake nilikisikiliza chote, sikukiruka.

Alhamisi, 14 Septemba.

Maafa.

Mama mkwe wa Bwana Kamphata amekuja kutoka Madisi kusalimia. Bibi mwenye nguvu, haambiwi kaa. Akataka kuona ujenzi. Akasogea ukingoni, akachungulia, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kamba ya nguo, akapiga yowe lililosimamisha mtaa.

Kaburi, akasema. Mkwe wangu amechimbiwa kaburi nyumbani kwake.

Watu wakajaa. Bwana Kamphata akatazama shimo kama mara ya kwanza. Akalala chini kando yake, mzima mzima, na urefu ukalingana. Akainuka akiwa amebadilika rangi. Akaniuliza ni nani aliyenituma. Mmoja akataja polisi, mwingine akataja uchawi. Vijana wangu walikuwa bado chini, wanachonga kwa heshima.

Ndipo Mama Maimouna akaja. Mikono yake ilikuwa ya kijani kwa sombe. Watu wakampisha. Hakunisalimu. Akainama, akachungulia muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani:

"Mwalimu, hii si shimo ya choo. Iko na mwanandani. Na inaangalia Kibla."

Nikatazama. Ilikuwa kweli tupu. Mwanandani ni kile chumba kinachochongwa ubavuni mwa kaburi la Mwislamu, upande wa Kibla, maiti alazwe humo. Maishani mwangu nimesimama kwenye ukingo wa shimo la aina moja tu, mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mara ya mwisho lilikuwa la Mbaraka. Nilipochora ardhini nilidhani nabuni.

Nikawaeleza vijana. Nahayo, ambaye ni mtu wa kanisa, alitoka shimoni bila kamba. Sijui alipanda vipi. Akauliza kama alilolifanya ni dhambi ya kwangu au ya kwake.

Mama Maimouna akaanza kucheka. Alicheka akishika matete ya ua, mpaka ua ukatikisika. Kisha akawageukia watu, akazungumza Chichewa kizuri kuliko changu. Akasema huyu mzee ni mwalimu, hana uchawi, hana hata ujuzi, ni shimo moja tu analolijua. Bibi wa Madisi akacheka kidogo, bila kupenda. Bwana Kamphata akanionyesha lango, lile lisilo na nguzo.

Mama akanifuata hadi kwenye mlango wa jiko lake. Akaniuliza siku zote hizo nilikuwa nafanya nini humo ndani. Wamemwambia nilikuwa nakaa peke yangu, sauti sina.

Nikasema nilikuwa napima.

"Unapima nini, Mwalimu?"

Nikasema udongo.

Akanitazama. Ana mvi sasa, upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, 17 Septemba. Dzaleka.

Nimelala mkekani tangu juzi. Miguu imevimba. Binti wa jirani yangu, Safi, ananiletea uji na kunikaripia kama mama yangu.

Habari za mjini zimenifikia. Nahayo na Hatungimana wamerudi kwa Bwana Kamphata. Wamelifukia la kwangu na kuchimba lingine la mraba, wakalimaliza haraka. Wanajiita Nahayo na Ndugu. Hawa kweli ni ndugu, jambo ambalo sikuwahi kuwauliza. Aboubakar naye alipita kunijulia hali. Akasema Mama Maimouna ameniulizia. Nikamwambia amwambie nina shughuli nyingi.

Na ninazo. Nimefikiri vizuri, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa upande usiofaa wa nyumba. Upande wa kaskazini wa kiwanja chake kuna mchungaji mwenye ua mwembamba zaidi, tena hana maji. Mchungaji anahitaji kisima. Kisima kinachukua wiki nyingi, huenda mpaka mvua. Na kisima ni cha duara, hakuna atakayesema ni kaburi. Jumanne, Mungu akipenda, nitapanda pikapu nikapite hapo kwa bahati. Jina la kampuni nimeshalibadilisha.

Lakini niliahidi kukiri, na pumzi inapungua. Alhamisi niliandika kwamba alifunga mlango. Hakuufunga. Aliuacha wazi, akavuta kigoda kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa na sombe, akasema, "Ingia basi, Mwalimu. Ukae." Nikamjibu kwamba nina kazi.