Gurudumu la Mtunza Mafaili

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa dakika saba. Mkuu wa ofisi alikuwa mlangoni, saa mkononi. Ametangaza kwamba nafasi ya mtunza mafaili, iliyo wazi tangu mzee wetu afariki miezi miwili iliyopita, ataitoa Ijumaa. Itakuwa yangu au ya Kola, kutegemea nani anajali muda. Kola ni karani mwenzangu. Kola za mashati yake ni ngumu kama kadibodi. Anakaa nyuma tu ya ofisi. Mimi nakaa juu kilimani, na breki za baiskeli yangu zimekwisha mpira. Mteremko mzima nashuka kwa miguu, nimeikokota kama mgonjwa.

Lakini akili ninayo! Stoo ya ofisi ina baiskeli ya marehemu. Gurudumu lake la nyuma lina breki ndani: unakanyaga pedali kinyumenyume, linasimama. Sikuiba. Nimejaza fomu ya kuazima, nakala tatu. Mwazimaji: mimi. Shahidi: mimi. Mwenye mali: nimepaacha wazi, kwa sababu zinazoeleweka.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifunga leo jioni uani kwa dada. Dada ni fundi baiskeli. Sikutaka anisaidie, angeuliza limetoka wapi. Nimetoa gurudumu langu, nimetia la marehemu, nimevisha cheni, nimekaza nati mpaka vidole vikaniuma. Kando ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna mkono wa chuma unaotakiwa kubanwa kwenye fremu. Kibano chake sikukiona. Nimeufunga kwa utepe mwekundu wa mafaili, kwa lile fundo letu la mafaili ya siri.

Dada akapita, akatazama, akauliza hiyo ni baiskeli au faili la mirathi. Akasema breki hiyo nguvu zake zote zinaishia kwenye mkono ule, na akanipa kibano. Nikamwambia kitachubua rangi, na kwamba utepe huu umeshika siri nzito kuliko baiskeli. Akasema haya, mdogo wangu, siri huwa haziteremki kilima.

Spoki moja imepinda, inagusa fremu. Tik. Kimya. Tik.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, ukungu. Nimeshuka kwa raha, naimba. Katikati ya mteremko baiskeli ikasimama. Mimi sikukanyaga nyuma! Miguu yangu nilikuwa nimeinyanyua hewani, kwa furaha. Ilisimama mbele ya geti la kijani lililobanduka rangi, taratibu, kama mtu aliyefika.

Mama mmoja mtu mzima akafungua. Macho yake hayaoni vizuri. Akasema amesikia gurudumu, na kwamba leo nimechelewa. Akanipa leso iliyopigwa pasi, akarudi ndani. Niliipokea. Ningefanyaje? Nimelelewa.

Nimefika ofisini dakika mbili baada ya kengele. Kola aliniuliza kwa upole kama njiani kulikuwa na msiba.

Dada anasema nimekaza nati kupita kiasi: habu inapata joto, inashika. Nimelegeza nusu mzunguko. Kisha akasema lile geti kila mtu analijua, ndipo alipokuwa akikaa mzee wa mafaili.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya: njia ndefu, nyuma ya shule. Gurudumu linateleza kama siagi. Nikacheka peke yangu. Kwenye uchochoro, tik, kimya, kisha kimya kirefu. Nimesimama mbele ya mlango mdogo wa mbao. Ulikuwa mlango wa nyuma wa nyumba ileile.

Mama alikuwa ameshaufungua. Akasema huwa napitia nyuma siku nikisahau kitu. Nikamuuliza, kwa heshima zote, nimesahau nini. Akasema, kusaini. Ati kuna kijana ameacha karatasi ofisini, na anavyonijua, mimi sipendi karatasi ikae bila saini.

Nilisukuma baiskeli mbio mpaka ofisini. Nimefika kwenye dakika ya mwisho kabisa. Nikafungua droo. Nakala tatu. Mwenye mali: pako wazi. Niliifunga droo kwa ufunguo, nikaketi juu ya ufunguo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe! Juu ya kilima nikaapa sitasimama popote. Geti la kijani likatokea kwenye ukungu, limefunguliwa. Nikahisi gurudumu linaanza kushika. Utepe ukakatika, paa! Ule mkono wa chuma ukazunguka kama pangaboi. Breki kwaheri. Nikapita pale getini napiga kelele, na nyuma yangu mama akiniita taratibu, kwamba mbona leo sisimami.

Nimeingia kwenye ua wa maua wa ofisi dakika ishirini kabla ya kengele. Wa kwanza!

Kola hakuliacha hilo lipite. Alimwambia mkuu kwamba nimefika kwa gurudumu la wizi. Mkuu akataka fomu. Nilifungua droo kwa mikono miwili. Nakala zote tatu zimesainiwa penye mwenye mali, kwa wino wa kijani. Penye shahidi jina langu limekatwa kwa rula, na pembeni pameandikwa: mtu hajishuhudii mwenyewe.

Hapa ofisini ni mmoja tu aliyetumia wino wa kijani. Mkuu alisoma muda mrefu. Akasema tangu marehemu aondoke hajaona karatasi zilizonyooka hivi. Akaniwekea funguo mezani badala ya kunipa mkononi, akaenda nyumbani mapema. Kola ya Kola ilikuwa imelowa.

Jumatatu, 10 Machi

Mtunza mafaili! Chumba changu, kiti changu. Asubuhi nimekikuta kina joto, lakini dirisha linatazama mashariki.

Dada ameleta tena kile kibano. Nimekataa, safari hii nimefunga mafundo mawili.

Nimegundua pia kwamba baiskeli ya marehemu ina kengele nzuri sana, ya shaba. Nimejaza fomu, nakala tatu. Shahidi: mimi. Mwenye mali: nimepaacha wazi. Nimeziweka mezani pamoja na kalamu ya kijani, kifuniko nimeshakitoa, nisimsumbue.

Muda huu kengele imelia stoo, mara moja. Nimeandika: amekubali.