Kesi ya Uchochoro Mikononi Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mambo yameiva! Jirani yetu, tunayemwita Meneja kwa sababu zamani alisimamia kituo cha mafuta, amejenga ukuta na kuumeza uchochoro wetu. Mwisho wa uchochoro huo ndipo kilipo chumba cha kushonea cha mke wangu. Wateja wanene hawafiki tena. Wembamba wanapita kwa ubavu na kutoka wamejaa chokaa. Hali ikiendelea hivi, cherehani zitauzwa na sisi tutakula hewa. Mke wangu amemshtaki. Ana ramani ya kiwanja, ana mashahidi, na anasema ataenda mahakamani kusema ukweli, basi. Maskini! Ukweli! Nimemwambia aniachie mimi, mtu mzima ninayejua dunia inavyokwenda. Amenijibu kwa upole nisiguse kitu. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea shemeji, mdogo wa mke wangu, karani wa mahakama. Damu yetu ndani ya nyumba ya sheria! Nimemwomba kitu kidogo tu: faili la dada yake liende kwa yule hakimu mzee, mpole, anayesinzia baada ya chakula cha mchana. Shemeji amecheka mpaka akavua miwani. Kumbe siku hizi mafaili hayapangwi na mtu. Kompyuta ndiyo inayogawa, na yeye kwa kuwa ni ndugu haruhusiwi hata kuligusa. Limeangukia kwa hakimu mpya, mwanamke aliyehamishiwa hapa juzi juzi. Nikauliza anatoka kwa nani, anapenda nini. Shemeji akasema anapenda watu wafike kwa wakati. Na huyu shemeji ndiye tuliyekaa naye kwetu miaka yote ya masomo yake! Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Hakimu hukimbia mazoezi asubuhi, barabara ya nyuma ya hospitali. Nikavaa raba na suruali yangu ya kupakia rangi. Mpango: nimpite, nigeuke, nisalimie, tuzoeane. Kumpita kumeshindikana. Yule mama ana pumzi! Nilimkuta ameinama kufunga kamba za viatu, ndipo nikamwambia, kwa pumzi iliyobaki, shikamoo mheshimiwa, mimi ndiye mume wa kesi ya uchochoro. Akasimama wima. Akasema nisiongeze neno, na kwamba tutaonana mahakamani. Tutaonana! Hivyo ndivyo watu wanavyoagana wakishazoeana. Nimerudi nyumbani nachechemea kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Aibu ya mwaka! Mahakama imejaa hadi mlangoni. Kabla ya lolote, hakimu akatangaza kwamba jana mume wa mdai alimfuata barabarani kutaka kuzungumzia kesi, kwamba yeye hakimu alimkatiza, na kwamba analiweka jambo hilo kwenye kumbukumbu ili pande zote zijue. Akaniamuru nisimame. Nikasimama. Akanionya. Akamuuliza Meneja kama ana pingamizi yeye akiendelea na kesi. Meneja, meno yote nje, akasema hana, ila angependa kujua kama nilimaliza mbio. Ukumbi mzima kicheko. Hata askari! Shemeji alikuwa anatazama dari.

Njiani mke wangu alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye uchochoro akanigeukia, machozi yanamlengalenga, akasema ile ndiyo kazi yake, ameijenga kwa mikono yake mwenyewe, na nikimharibia hatanisamehe. Iliniuma, sikatai. Imenipasa nimsaidie zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Kesho hakimu anakuja kuona eneo lenyewe. Nimeukagua uchochoro kwa jicho la kisheria. Umebana, ndiyo, lakini hautishi. Na hakimu ni mwembamba, mkimbiaji, atateleza humo kama sindano, aone njia inatosha! Hilo hakuna aliyelifikiria ila mimi.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi mke wangu akaenda mahakamani kuongozana na msafara. Mimi huku nyuma nikapanga matofali ya banda la kuku kando ya ukuta wa Meneja, mpaka kifuani. Hata paka akazunguka.

Wakafika. Hakimu akayatazama matofali. Akauliza ni ya nani. Meneja akasema si yake. Majirani wote wakanigeukia. Nikaona kimya ndiyo heshima. Mke wangu akashusha pumzi, akamwomba radhi mheshimiwa, akasema ni ya mume wake, asubuhi hayakuwepo, na anaomba yaondolewe ili ukuta uonekane ulivyo. Amenichoma! Mke wangu wa ndoa! Nikaambiwa niyatoe. Nikayatoa moja moja, Meneja akinielekeza pa kuyapanga.

Kisha hakimu akamwomba Meneja atangulie yeye hadi kwenye chumba cha kushonea, kama mteja yeyote. Meneja akavuta tumbo, akaingia kwa ubavu, akafika katikati. Basi. Mbele hapiti, nyuma harudi. Nani alimvuta? Mimi! Hakimu akaandika muda mrefu, bila kumtazama mtu.

Ijumaa, 14 Machi
Tumeshinda! Meneja avunje ukuta wote ulioingia njiani. Mke wangu amelia, safari hii kwa furaha, na leo hii tu wateja watatu wamepiga simu. Hakimu amesema ameongozwa na ramani, na mashahidi, na yale aliyojionea kwa macho. Aliyojionea! Na nani alifanya kila mtu auangalie ule uchochoro kwa makini vile? Sitaki sifa. Nimemwambia tu shemeji, na kinyozi, na mwenye duka, na wale wote waliokuwa dukani.

Jumapili, 16 Machi
Meneja amekuja, mnyonge, kofia mkononi. Anataka kukata rufaa, ukuta ubaki. Amesema amesikia mtaani kwamba mimi ndiye niliyeiendesha ile kesi, na ameuliza kama nina mtu huko mahakama ya juu. Jamani! Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, tena kwa adabu. Nimemwambia rufaa ina wenyewe, aniachie mimi. Kuhusu mdai kuwa mke wangu, nimemhakikishia kwamba hilo ni jambo dogo, halituzuii.

Nimeshaulizia. Jaji wa huko huogelea kila Jumamosi. Kesho naanza kujifunza kuogelea.